Anza na Kioo Cheupe: Ushauri kwa Anayejifunza Kutengeneza Picha za Vioo vya Rangi

Wengi wanaovutiwa na vioo vya rangi huingia katika ufundi huu kwa mlango wa rangi. Wameona dirisha nyuma ya altare, au taa ya mezani yenye kofia ya vioo, na kitu cha kwanza wanachokitafuta ni kioo chekundu na cha buluu. Ushauri wangu ni kupita mlango mwingine. Nunua kikata vioo, nenda kwa fundi vioo wa mtaani kwenu, omba au nunua mabaki ya kioo cheupe cha dirisha, ujifunze kukata mpaka mkono uzoee. Rangi itakusubiri. Uzuri wa kazi hii huamuliwa mapema, kwenye karatasi na kwenye mkato, na kosa lililofanyika huko halifichwi na rangi wala na lehemu.

Anayeanza na kioo ghali huogopa kukivunja. Hofu hiyo humfanya asite katikati ya mstari, na kioo huvunjika kweli, tena mahali asipotaka. Kioo cheupe cha mabaki humpa ruhusa ya kukosea mara nyingi mpaka kukosea kupungue. Hakuna mwalimu wa bei nafuu kuliko huyo.

Chagua njia yako

Ufundi huu una umri mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 12 mtawa aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha ufundi kinachoeleza hatua zake: kuchora dirisha juu ya ubao uliopakwa chokaa, kuweka kioo juu ya mchoro, kukipasua kwa chuma cha moto, kisha kuunganisha vipande kwa mikanda ya risasi. Ndiyo njia iliyojaza nuru katika kanisa kuu la Chartres na katika Sainte-Chapelle ya Paris, iliyowekwa wakfu mwaka 1248. Leo kioo hukatwa kwa gurudumu dogo la chuma kigumu badala ya chuma cha moto, lakini mpangilio wa kazi haujabadilika sana. Mkanda wa risasi una umbo la herufi H iliyolala. Kioo huingia katika mfereji wake upande huu na upande ule, na lehemu huwekwa pale tu mikanda inapokutana. Baadaye mifereji hujazwa puti ili maji ya mvua yasipenye na kioo kisichezecheze.

Njia ya pili ni ya utepe wa shaba. Kila kipande cha kioo huvalishwa utepe mwembamba wenye gundi upande mmoja, kisha vipande hupangwa pamoja na kulehemiwa kando ya maungio yote. Ilipata umaarufu mwishoni mwa karne ya 19 katika karakana ya Louis Comfort Tiffany mjini New York, kwa kuwa iliwezesha kuunganisha vipande vidogo sana na kuvipa umbo la duara. Taa ya Wisteria, iliyobuniwa na Clara Driscoll aliyeongoza idara ya wanawake wakata vioo katika karakana hiyo, ina vipande karibu 2,000. Usianze na taa. Anza na picha bapa ya kutundika dirishani, na uitengeneze kwa utepe wa shaba: vifaa vyake ni vichache, hustahimili makosa madogo, na hukufundisha kila hatua utakayoihitaji baadaye. Mikanda ya risasi ije siku utakapotaka dirisha kamili.

Kuna pia njia zisizo na risasi kabisa, na mtu wa pwani hahitaji kwenda mbali kuziona. Katika majengo ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja, kama lile la Zahanati ya Zamani pale ufukweni, vioo vya rangi vimepamba kazi ya mbao. Huko Sana'a nchini Yemen, mafundi huvipachika katika jasi iliyochongwa, juu ya madirisha ya nyumba. Kama nyumbani kwako kuna watoto wadogo na huna chumba cha kujitenga, mwombe seremala akutengenezee fremu yenye mifereji, wewe ukate vioo na kuvipanga. Utajifunza mchoro, mkato na mwanga, yaani sehemu kubwa ya ufundi, bila kugusa risasi.

Mchoro unaokatika

Mchoro wa vioo si mchoro wa kawaida, kwa sababu kila mstari ni mpaka wa kipande na kila kipande lazima kikatike. Kioo hakikubali kona ya ndani yenye pembe mraba. Kata umbo la herufi L na ufa utaanzia palepale kwenye kona. Kioo hakipendi ncha ndefu nyembamba, maana huvunjika wakati wa kusaga au hupasuka kwa joto la lehemu. Hakipendi pia tundu katikati ya kipande. Ukikutana na umbo la namna hiyo katika mchoro wako, ongeza mstari unaoligawa vipande viwili. Mistari hiyo ya msaada ndiyo inayompima mchoraji: akiwa hodari, huonekana kama mshipa wa jani au ukingo wa wimbi.

Epuka mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa picha nzima. Hapo patakuwa na bawaba, na picha itapinda siku utakapoinyanyua. Vunja mstari huo, upishanishe maungio.

Ukimaliza, toa nakala mbili. Moja ibaki nzima mezani, ndiyo ramani yako. Nyingine ipe kila kipande namba, rangi na mshale unaoonyesha mwelekeo wa mistari ya kioo, kisha uikate kwa mkasi. Kumbuka kwamba utepe wa shaba una unene. Mafundi hutumia mkasi maalumu wenye makali matatu, unaoondoa uzi wa karatasi wa karibu milimita 0.8 kati ya kipande na kipande. Kama huna, kata ndani kidogo ya mstari wa kalamu. Hesabu yenyewe haina huruma: vipande kumi vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kikizidi kwa milimita moja, vimerefusha picha yako kwa sentimita nzima, na fremu haitaingia.

Mkato

Ukweli wa kwanza kuhusu kioo ni kwamba huvunjwa kwa mpango. Gurudumu la kikata hukwaruza uso wake, na chini ya mkwaruzo huo hufunguka ufa mwembamba. Ukikunja kioo pale, ufa hushuka mpaka upande wa pili. Kazi yako ni kuuonyesha ufa njia moja tu ya kupita.

Osha kioo kwa sabuni, kikaushe, kiweke juu ya meza tambarare yenye kipande cha zulia jembamba au tabaka chache za magazeti. Vaa miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Lowesha gurudumu kwa tone la mafuta ya taa au mafuta ya cherehani. Kama kioo kina upande wenye michirizi, kwaruza upande laini. Simama, shika kikata kikiwa wima, anzia ukingoni na umalizie ukingoni kwa mgandamizo uleule na mwendo uleule. Sikiliza: mkato mzuri hutoa mlio mkavu usiokatika, kama kitambaa kinachochanwa. Ukiona mstari mweupe wenye vumbi la chengachenga, umebonyeza kupita kiasi. Mlio ukikatika, mkono umelegea pale.

Usirudie mstari hata mara moja. Kupita mara ya pili huongeza nyufa ndogo zinazokwenda ovyo, na huharibu gurudumu. Kama mstari ni mbaya, jaribu kuuvunja hivyohivyo, au anza upya mahali pengine. Ukishakwaruza, vunja papo hapo bila kukilaza kioo pembeni. Shika pande mbili za mstari, vidole gumba juu, vidole vingine vimekunjwa chini, kisha zungusha viganja kuelekea nje. Kwa vipande vyembamba tumia koleo la kuvunjia kioo, au koleo la kawaida lisilo na meno makali, ukilivalisha mkanda wa plastiki.

Mazoezi yawe na ngazi. Anza na mistari iliyonyooka ya sentimita 20, ukitumia rula yenye mpira chini. Endelea na vipande vya upana wa sentimita 2, vyote vilingane. Kisha mawimbi mapole. Kwenye mkunjo wa kuingia ndani usijaribu kuutoa wote kwa pigo moja: kwaruza mstari wa mwisho kwanza, kisha mikunjo miwili au mitatu midogo kati yake na ukingo, uondoe kipande kimoja kimoja kuanzia nje. Duara lije mwisho. Baada ya kulikwaruza, chora mistari ya kutokea kutoka duara hadi ukingoni, uvunje pembe moja moja.

Chagua pia kioo kinachokatika. Kioo cha milimita 3 ndicho kizuri kwa mkono mgeni. Cha milimita 5 kinawezekana, lakini kinadai nguvu na utepe mpana zaidi. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama cha milango ya gari au cha bafu, hakikatwi kabisa: ukijaribu, kipande chote husambaratika kuwa chenga. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka mbili na plastiki katikati, nacho kiache.

Kusaga na kuvalisha shaba

Kipande kikishatoka, kiweke juu ya ramani. Palipozidi pasagwe. Mashine ya kusagia yenye kichwa cha almasi hurahisisha kazi, lakini jiwe la kunolea na maji vinatosha kwa picha ndogo. La lazima ni maji. Vumbi kavu la kioo halifai kuvutwa na mapafu, kwa hiyo saga kwenye unyevu, na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Usipanguse vipande vidogo kwa kiganja, tumia brashi.

Kabla ya kuvalisha shaba osha tena, maana mafuta ya kukatia na jasho la vidole huizuia gundi. Utepe wa milimita 5.6 hufaa kwa kioo cha milimita 3. Uweke ukingo wa kioo katikati kabisa ya utepe, uzungushe mpaka mwanzo na mwisho vipandiane kidogo, kunja pande zote mbili, kisha sugua kwa kijiti laini au mwili wa kalamu mpaka ulale bila mikunjo. Upande mmoja ukiwa mpana na mwingine mwembamba, mstari wako wa lehemu utakuwa na mawimbi na kila atakayeitazama picha atauona. Bandua, rudia, utepe ni wa bei ndogo kuliko majuto. Kwa wanaoishi karibu na bahari, hifadhi utepe katika mfuko usiopitisha hewa, na vipande vilivyokwisha kuvalishwa usiviache wiki nzima, maana shaba huchafuka haraka katika hewa yenye chumvi na lehemu hukataa kushika.

Lehemu

Pigilia vibao viwili vyenye pembe mraba juu ya ubao, panga vipande humo, bana pande nyingine mbili kwa misumari. Ukilehemu bila kizuizi hicho, picha hutanuka kidogo kidogo mpaka ipoteze umbo.

Chuma kidogo cha kulehemu redio, cha wati 25 au 40, hakitoshi, kwa kuwa shaba na kioo hunyonya joto lake. Tafuta cha wati 80 hadi 100. Waya wa lehemu uwe mtupu, usio na dawa ya ndani kama ule wa vifaa vya umeme. Mchanganyiko wa asilimia 60 ya bati na 40 ya risasi huyeyuka kabisa karibu na nyuzi 190 za Selsiasi na huganda upesi, ndiyo maana hutoa mstari laini ulioinuka. Ule wa 50 kwa 50 huhitaji joto zaidi na hukaa majimaji kwa muda mrefu.

Paka dawa ya kulehemia, yaani flaksi, kwa brashi. Bila dawa hiyo lehemu hujikunja kuwa vitone na kubingirika. Weka nukta moja kwenye kila maungio ili vipande vishikane, kisha pita juu ya mistari yote, upande wa mbele, wa nyuma na kingo. Usikae sehemu moja muda mrefu: joto likizidi, kioo hupasuka, au lehemu hudondoka upande wa pili. Pakikukataa, ondoka, fanya kazi kwingine, urudi pakiwa pamepoa. Ndoano za kutundikia zilehemie pale mstari wa lehemu unapofika ukingoni. Ukiziweka juu ya utepe mtupu, uzito wa picha utaubandua utepe na picha itaanguka.

Osha picha siku ileile kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mabaki ya flaksi hula shaba na kuacha ukungu wa kijani na mweupe.

Risasi si jambo la kudharau

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kuliko popote pengine. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba tumboni. Kwa joto la kawaida la kulehemu, moshi unaouona hutoka hasa kwenye flaksi, nao pia haufai kuvutwa. Risasi yenyewe huingia mwilini zaidi kwa njia ya mikono, chakula na vumbi.

Kwa hiyo usilehemu jikoni wala juu ya meza ya kulia. Usile, usinywe wala usivute sigara unapofanya kazi. Fungua madirisha na elekeza feni ipeleke moshi nje. Nawa mikono kwa sabuni na usugue kucha. Nguo ya kazi ikae karakana na ifuliwe peke yake. Mabaki ya lehemu yawekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Mjamzito asilehemu. Na usitengeneze kwa lehemu hii chombo cha chakula au kidani cha mtoto. Ipo lehemu isiyo na risasi. Huhitaji joto zaidi na mkono uliozoea, lakini kwa kitu kitakachoguswa kila siku, gharama yake ni haki.

Sasa rangi

Rangi ya kioo cha kweli imo ndani yake tangu kikiwa uji wa moto. Kobalti hutoa buluu, chuma hutoa kijani, manganizi hutoa zambarau, na dhahabu kidogo hutoa wekundu wa waridi. Kwa hiyo usinunue kioo kikiwa kimelala juu ya kaunta ya duka. Kinyanyue, kielekeze kwenye mwanga, kisha kisogeze mbele ya ukuta. Kioo angavu huonyesha kilicho nyuma yake, na nyuma ya madirisha yetu mara nyingi kuna nondo. Kivuli cha nondo kitapita katikati ya ua lako. Kwa dirisha kama hilo chagua kioo chenye michirizi mizito au kile cha maziwamaziwa, ambacho hutawanya mwanga na kuficha kilicho nyuma. Angavu kiweke penye mbingu tupu.

Vioo vya rangi vya ufundi huu aghalabu huagizwa nje, na bei yake ni kubwa. Kioo cha dirisha cha kahawia, buluu au kijani, pamoja na kioo chenye maua ya kuficha bafuni, hupatikana kwa mafundi vioo na kinakatika vizuri kisipokuwa kimeimarishwa. Kitengela, kusini mwa Nairobi, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze imeonyesha kwa miaka mingi kwamba kioo kilichokwisha kutumika kinaweza kuwa sanaa yenye heshima. Rangi tatu zinazopatana zinakufaa kuliko kumi zinazogombana.

Kazi ya kwanza iwe picha ya sentimita 20 kwa 20, vipande sita, mistari iliyonyooka. Ya pili iwe na mikunjo mipole. Ya tatu iwe na duara. Usiruke ngazi kwa sababu umeona picha ya ndege mzuri mahali fulani.

Kipimo cha kuwa tayari ni hiki. Kata miraba sita ya kioo cheupe, ipange juu ya ramani bila kuisaga. Ikikaa ndani ya mistari, mianya yake ikalingana, na ukaweza kufanya hivyo tena siku nyingine, chukua pesa yako ukanunue kioo chekundu. Hutakipoteza.